Fungu la Waliobaki Penye Vyombo

Somo: 1 Samweli 30:1–25

Leo twataka tufungue pamoja Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 30. Aliye na Biblia karibu na aifungue. Asiye nayo na asikilize tu.

Sura hii yaanza na msiba. Daudi na watu wake mia sita walikuwa wamekwenda safari ya vita, wakawaacha wake zao na watoto wao katika mji wa Siklagi. Waliporudi siku ya tatu waliukuta mji umeteketea, na jamaa zao wamechukuliwa mateka na Waamaleki. Maandiko yatuambia kwamba watu hao, waliokuwa hodari wa vita, walilia mpaka nguvu za kulia zikawaishia. Tena kwa uchungu wao wakafikiri hata kumpiga Daudi kwa mawe. Askari aweza kuustahimili upanga unaomjia yeye mwenyewe, lakini hastahimili habari ya nyumba yake iliyoharibika wakati yeye hayupo.

Basi shida ya jamaa za askari si jambo la jana. Imo katika Biblia, na imo katika historia yetu sisi tunaokaa hapa Uriri. Tungependa leo tuitazame historia hiyo kidogo, kisha turudi kwa Daudi tuone alifanya nini.

Msafiri atokaye Kisii kwenda mpaka wa Tanzania hupita Rongo, kisha Awendo, kisha hapa kwetu Uriri katika nchi ya Kanyamkago, kabla ya kufika Migori. Siku hizi ni safari ya saa chache kwa matatu. Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza mwezi wa Agosti 1914, mpaka huo ulikuwa mpaka wa maadui wawili. Upande huu walitawala Waingereza, na upande ule Wajerumani. Haikupita hata miezi miwili, Wajerumani wakavuka na kuingia Kisii, na tarehe 12 Septemba 1914 majeshi hayo mawili yakapigana pale. Babu zetu waliisikia bunduki kabla hawajaelewa ugomvi ulikuwa wa nini.

Lakini wengi wa vijana wa Nyanza hawakupewa bunduki. Walipewa mizigo. Katika nyika za Afrika Mashariki mbung'o waliwaua farasi, nyumbu na ng'ombe wa kukokota magari, na barabara hazikuwapo. Kwa hiyo kila gunia la unga na kila sanduku la risasi lilipaswa kubebwa na mtu, kwa kichwa au kwa bega. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa wa ratili 50 hivi. Serikali ikaunda kikosi cha wapagazi, kilichoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na watu wetu wakalitamka jina hilo kwa namna yao: Kariakoo. Jina hilo limebaki katika soko la Kariokor mjini Nairobi, na katika Kariakoo ya Dar es Salaam. Maelfu ya watu hununua viazi na vikapu hapo kila siku bila kukumbuka kwamba watembea juu ya jina la watu waliokufa.

Mwanzoni wengine walikwenda kwa hiari, kwa ajili ya mshahara. Mwaka 1915 ikatungwa sheria ya kuwachukua watu kwa lazima. Mwaka 1917, majeshi yalipokuwa yakimfukuza Jemadari von Lettow-Vorbeck kusini kabisa mwa nchi ya Wajerumani, serikali ikafanya msako mkubwa kuliko yote. Kila chifu alipewa hesabu ya watu wa kutoa, na Nyanza, ambayo wakati ule iliitwa Kavirondo, ilitoa sehemu kubwa sana. Watu walikamatwa usiku majumbani mwao.

Wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na tumbo la kuhara damu, na malaria, na vichomi vya mapafu. Mtu aliyezoea ugali wa mtama na samaki wa ziwani alipewa unga wa mahindi, mara nyingi bila sufuria ya kutosha, bila kuni kavu na bila muda wa kuuivisha, akaula mbichi nusu, akalala katika mvua, na asubuhi akajitwika tena mzigo wake. Hesabu ya wapagazi waliokufa upande wa Waingereza hutajwa kuwa zaidi ya 95,000, na wanahistoria wengi waona kwamba hata hiyo ni ndogo.

Na nyumbani je? Kodi ya nyumba haikumsubiri mwenye nyumba arudi. Mama alilima peke yake, akapalilia peke yake, akatazama njia. Vita vilipokaribia kwisha mwaka 1918, homa kuu ya mafua iliyozunguka ulimwengu wote ikaingia, na njaa ikafuata. Jeshi halikutuma barua kwa kila mjane. Mara nyingi habari ya kifo ililetwa na jirani aliyerudi, au haikuletwa kabisa. Kuna mama waliongojea mpaka wakazeeka.

Hapa twafika kwenye swali letu la leo. Je, kulikuwa na watu waliojitolea kuwasaidia hao? Na Kanisa lilikuwa wapi?

Twajua habari za watu wawili, na inafaa tuzieleze kwa pamoja, kwa sababu hapo kwanza watu hawa walikuwa pande mbili za ugomvi. Mwezi wa Juni 1913 misioni za Kiprotestanti zilikutana Kikuyu, katika misioni ya Kanisa la Scotland, kutafuta njia ya kushirikiana. Mkutano ulipokwisha, Waanglikana, Wapresbiteri na wengine walishiriki Meza ya Bwana pamoja. Huko Zanzibar alikuwako Askofu wetu wa Kianglikana, Frank Weston, mtu mkali katika mambo ya imani. Aliposikia habari hiyo aliwashtaki kwa Askofu Mkuu wa Canterbury maaskofu wawili waliohusika, Peel wa Mombasa na Willis wa Uganda. Huyu Willis ndiye aliyeianzisha kazi ya Kianglikana Maseno mwaka 1906, na wakati ule Kavirondo ilikuwa chini ya dayosisi yake. Kwa hiyo ugomvi huo ulitugusa sisi wa Nyanza moja kwa moja. Magazeti ya Uingereza yaliuandika kwa wino mwingi.

Kisha vita vikaja. Mwaka 1916 jeshi lililokuwa pwani lilikosa wapagazi, na ikaonekana kwamba watu wa Zanzibar watachukuliwa wapelekwe bara. Askofu Weston hakuridhika kuwaombea tu kutoka katika kiti chake kanisani. Alikubali kuwaongoza yeye mwenyewe, akapewa cheo cha meja, akatembea nao kwa miguu bara, akiwaangalia kama mchungaji aangaliavyo kundi.

Mwaka uliofuata, wakati wa ule msako mkubwa, Daktari John Arthur wa misioni ya Kikuyu, mahali palepale pa ule mkutano wa 1913, naye akafanya jambo kama hilo. Aliwakusanya wanafunzi, walimu na waumini wa misioni za Kiprotestanti, watu zaidi ya elfu moja, wakawa kikosi kilichoitwa Kikuyu Mission Volunteers, yaani watu wa misioni waliojitolea. Wamisionari wenyewe walikwenda nao. Walikuwa na daktari wao, waliangalia chakula kiive, waliangalia kambi iwe safi, walisali pamoja jioni. Haya yaonekana mambo madogo, lakini katika vita vile, sufuria na kuni kavu viliokoa watu kuliko bunduki.

Basi wale waliogombana juu ya Meza ya Bwana walikutwa na vita wakifanya kazi ileile: kutembea pamoja na mbeba mzigo. Twaona hapo mkono wa Mungu. Mizigo ya watu mara nyingi hutupatanisha mahali ambapo hoja zetu zimeshindwa.

Hata hivyo, wapendwa, yatupasa tuseme kweli yote. Neno kujitolea lilikuwa na kamba nyuma yake. Wale vijana wa Kikuyu walijua kwamba wasipokwenda na daktari wao, watakamatwa waende na mtu wasiyemjua. Na waliopata mchungaji wa kwenda naye walikuwa wachache sana kati ya mamia ya maelfu. Vijana wengi wa Kavirondo walikwenda bila daktari wao na bila mchungaji wao. Tena wale waliojitolea waliwasaidia waliokwenda. Lakini mama aliyebaki na jembe, hatusomi habari nyingi za kikosi kilichojitolea kumsaidia yeye.

Turudi sasa katika sura yetu, maana kuna mtu ndani yake ambaye wahubiri wengi humpita haraka. Daudi alipokuwa akiwafuatia Waamaleki, watu wake walimkuta kijana Mmisri porini, amelala, hajala wala kunywa siku tatu. Alikuwa mtumwa wa Mwamaleki mmoja. Alipougua njiani, bwana wake alimwacha hapo na kuendelea na safari. Wasikilizaji, huyu ni mtu wa Kariakoo! Alifaa alipokuwa na nguvu, alipougua akaachwa. Daudi alimpa mkate, maji, kipande cha tini na zabibu, kabla hajamuuliza swali lolote la vita. Na ni kijana huyo aliyeachwa ndiye aliyewaonyesha njia ya kuwafikia wake zao na watoto wao.

Waingereza waliposhinda, wapagazi hawakukumbukwa hivyo. Mishahara ya maelfu ya waliokufa ilibaki katika hazina, na ingawa watu waliidai kwa miaka mingi, jamaa wengi hawakupata kitu. Mwaka 1928 ikasimamishwa sanamu mjini Nairobi, katika barabara inayoitwa leo Kenyatta Avenue, na mmoja wa wale watu watatu wa shaba ni mpagazi. Ni sanamu nzuri. Lakini haina jina hata moja la mpagazi. Mwingereza aliyekufa alichongewa jina lake katika jiwe. Mpagazi alipewa sanamu moja kwa wote. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri jambo hilo katika taarifa yake, ikaomba radhi. Ilisema kwamba watu wasiopungua 116,000, na labda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Radhi hiyo ilikuja zaidi ya miaka mia moja baadaye. Wajane wote walikuwa wamekwisha kulala.

Lakini twashukuru kwamba wengine waliotembea na mizigo ile hawakunyamaza. Mwaka 1919 serikali ya Kenya ilipotoa agizo la kuwasukuma Waafrika wafanye kazi katika mashamba ya walowezi, Askofu Weston aliandika kijitabu mwaka 1920 kulipinga vikali. Na hapa Nyanza, tarehe 23 Desemba 1921, watu walikusanyika Lundha katika nchi ya Gem, wakiongozwa na walimu waliosoma Maseno, wakiwamo Jonathan Okwiri na Benjamin Owuor, wakatoa malalamiko yao juu ya kipande na kodi. Mkutano huo wazee waliuita Piny Owacho, yaani nchi imesema. Watu waliokuwa wamebeba mizigo ya wengine walikuwa wamejifunza kutaja mzigo wao wenyewe.

Vita vya pili vilipokuja, kuanzia 1939 hata 1945, vijana wetu walikwenda tena, mara hii wengi wakiwa na bunduki: Uhabeshi, Madagaska, na misitu ya Burma. Tarehe 12 Februari 1944 meli iliyoitwa Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na Wajapani katika Bahari ya Hindi. Watu 1,297 walikufa, na sehemu kubwa walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Kwa desturi zetu, mtu asiyezikwa nyumbani huacha jeraha lisilofunga. Bahari haina kaburi la kupanda maua.

Sasa tuseme habari ya siku zetu. Tangu mwezi wa Oktoba 2011 majeshi ya Kenya yamekuwa Somalia. Tarehe 15 Januari 2016 kambi ya El Adde ilishambuliwa, na nyumba nyingi za Kenya zikaingia katika kilio. Katika makanisa yetu ya Migori na Homa Bay wamo wazazi, wake na watoto wa askari. Twawaona kila Jumapili. Twafanya nini?

Tuungame kosa letu wenyewe. Miaka michache iliyopita, katika kanisa moja tulilokuwa tukilihudumia, tulikuwa na desturi nzuri ya kumtaja katika maombi kijana wa kanisa hilo aliyekuwa katika jeshi nje ya nchi. Tulifanya hivyo kila Jumapili kwa miezi mitano, tukajiona tumetimiza wajibu. Siku moja, baada ya ibada, mke wake akatungoja nje chini ya mti.

“Pasta,” akasema, “nashukuru kwa kumwombea baba watoto. Lakini yeye ana wenzake, ana daktari, anakula. Ghala langu limeanguka tangu mvua za Aprili, mahindi yanaliwa na panya, na mtoto wa pili amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Hakuna aliyefika.”

“Mama, mbona hukutuambia?” tukamuuliza.

“Nilidhani mnajua. Mnalitaja jina letu kila Jumapili.”

Hatukuwa na jibu. Wiki hiyo wanaume wanne wa KAMA walikwenda na miti, kamba na misumari. Ghala lilisimama kabla ya saa sita mchana. Karo ilichangwa kwa Jumapili mbili. Kazi iliyokuwa imemlemea mama yule kwa miezi mitano ilikuwa kwetu kazi ya asubuhi moja, nasi tulikuwa tukipita karibu na boma lake kila wiki.

Tangu siku ile tumejifunza mambo matatu, nasi twawapa ninyi mlio katika makanisa mengine.

La kwanza, tuandike majina. Kila kanisa lina kitabu cha ubatizo na kitabu cha ndoa. Liwe pia na ukurasa wa walio katika utumishi wa hatari mbali na nyumbani, na chini ya kila jina liandikwe jina la mke, la mama na la watoto. Wapagazi walipotea mara mbili, mara ya kwanza porini na mara ya pili katika vitabu. Kanisa lisipoteze mtu namna hiyo.

La pili, tusingoje kuombwa. Mke wa askari aona haya kulalamika, kwa maana watu husema, “Mume wako ana mshahara wa serikali.” Lakini mshahara haupalilii miwa, wala haukai na mtoto mwenye homa usiku wa manane. Akina mama wa Mothers' Union wanaweza kumtembelea bila kungoja tangazo. Vijana wa KAYO wanaweza kumsaidia siku ya kulima. Si lazima kuwe na kamati. Akienda jirani mmoja mwenye jembe, msaada umeanza.

La tatu, tumkumbuke na anayerudi. Wengine hurudi na miguu yao yote, lakini usingizi wao umebaki kule. Hukasirika upesi, hushtuka mlango ukigongwa, hutafuta pombe. Tusimseme barazani. Tukae naye, tumsikilize bila kumhimiza asimulie, na hali ikizidi tumsindikize hospitali kama tungefanya kwa mwenye mguu uliovunjika. Na mke wake tumwulize hali yake mwenyewe, faraghani.

Mtu atauliza: je, tukifanya hivi twabariki vita? La. Tunaweza kutofautiana juu ya vita hivi au vile, na Mkristo ana haki ya kuiuliza serikali yake kwa nini watoto wake wanakufa mbali. Lakini mtoto mwenye njaa hakutangaza vita. Askofu Weston aliwatembeza watu wake vitani, na alipokwisha kuona alirudi akawatetea dhidi ya serikali yake mwenyewe. Mapendo kwa mbeba mzigo na ukweli kwa mwenye kumtwika vyaweza kukaa katika moyo mmoja.

Tumalize na Daudi. Alipokwisha kuwaokoa wake na watoto wote, akarudi kwenye kijito cha Besori. Pale walikuwa wamebaki watu wake mia mbili, waliochoka wasiweze kuvuka, wakalinda vyombo. Wengine wakasema hao wasipewe kitu katika nyara, ila kila mtu mkewe na watoto wake tu. Daudi akakataa. Akaweka iwe sheria katika Israeli kwamba fungu la aliyeshuka vitani na fungu la aliyebaki penye vyombo ni sawasawa, kwa sababu ushindi haukuwa wao, ulitoka kwa Bwana.

Ndugu, hapa Uriri kuna waliobaki penye vyombo. Wanafagia ua peke yao, wanafunga ng'ombe peke yao, na simu yao huwekwa karibu na mto usiku kucha. Wiki hii, kabla ya Jumapili nyingine, mmoja wetu na aende kwa mmoja wao. Asiende mikono mitupu, na asiharakishe kuondoka.

Na tuombe. Ee Mungu Baba yetu, wewe wayajua majina yote ambayo wanadamu waliyasahau. Wakumbuke babu zetu waliolala katika nchi za mbali bila jiwe. Walinde watoto wetu walio mbali leo, na uwafariji waliobaki. Utusamehe sisi tuliowaombea bila kuwaendea. Utupe miguu ya kwenda na mikono ya kubeba, kwa ajili yake yeye aliyeubeba msalaba wetu, Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.